SOMO LETU: KWA NINI IDI AMIN ALIIVAMIA KAGERA?



Habari za vita vya Kagera tumezisikia wengi. Pengine hapo kijijini kwako yupo mzee aliyekwenda vitani na mgambo. Akisimulia, vijana hupenda kusikia habari za vifaru na mizinga. Lakini swali lililo kubwa zaidi ni hili: Amin alitaka nini? Leo tutajifunza kutafuta sababu.

Kwanza tuanze na mfano wa huku kwetu milimani. Tuseme jirani yako amehamisha mawe ya mpaka na kulima shamba lako. Ukimwuliza, anasema, "Hapa palikuwa pa babu yangu." Hiyo ni sababu inayosemwa. Lakini wazee wakichunguza wanaona mengine. Ana madeni. Nyumbani kwake hawaelewani. Tena anakuona wewe mnyonge. Hizo ni sababu zilizojificha. Nchi nazo ni hivyo hivyo.

MAMBO YALIVYOTOKEA

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Uganda yaliingia Tanzania katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baadaye uliitwa Kagera. Yaliteka nchi yote iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera. Askari waliua watu, wakapora ng'ombe na mali. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Tarehe 1 Novemba, Uganda ikatangaza kwamba sehemu hiyo sasa ni yake.

SABABU ILIYOSEMWA

Amin alisema kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza kumshambulia. Alisema pia kwamba mpaka wa haki ni Mto Kagera.

Hebu tupime maneno hayo. Mpaka wetu na Uganda upande ule ni mstari ulionyooka. Chanzo chake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Wao waligawana Afrika kwa ramani na rula, bila kutuuliza. Ni kweli kwamba mipaka ya namna hiyo ina kasoro. Lakini mwaka 1964, nchi huru za Afrika zilikutana Cairo zikakubaliana kuiheshimu mipaka zilizoirithi. Zilijua kwamba kila mmoja akianza kusogeza mpaka wake, Afrika nzima itawaka moto. Basi sababu ya mpaka haikuwa na nguvu.

SABABU ZILIZOJIFICHA

Ya kwanza ni hofu. Amin alinyakua serikali mwaka 1971 kwa kumpindua Milton Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua, na Obote akapewa hifadhi Tanzania. Mwaka 1972 wafuasi wa Obote walitoka Tanzania wakaishambulia Uganda, wakashindwa. Jambo hili tusilifiche, maana anayesoma lazima asikie pande zote mbili. Amin aliogopa kwamba watarudi tena. Ndiyo maana, Novemba 1978, alisema ataondoa majeshi yake ikiwa Tanzania itaacha kuwasaidia wapinzani wake. Sasa fikiri: kama shida yake ilikuwa mpaka tu, mbona alidai jambo jingine?

Ya pili ni hali ya uchumi. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia. Maduka na viwanda vikagawiwa watu wake, na vingi vikafa. Uganda ikabaki kutegemea kahawa. Mwaka 1978 bei ya kahawa ikashuka. Wewe mkulima unajua bei ya zao ikianguka nyumbani kunakuwaje. Na askari wake walizoea kulipwa vizuri.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni ugomvi ndani ya jeshi lake. Mwaka 1978 wakubwa wa jeshi walikuwa wanagombana, na baadhi ya askari wakaasi. Wapo wanaosema kwamba askari waliingia kwetu wakiwafukuza waasi, na Amin akafuata tu. Hata kama ni hivyo, ni yeye aliyetangaza kwamba Kagera ni mali ya Uganda. Mtawala aliyegombana na watu wake hupenda kuwaonyesha adui wa nje. Mfa maji haachi kutapatapa.

Ya nne ni dharau. Amin alikuwa na vifaru na ndege za kivita, na Libya ilikuwa rafiki yake. Aliona kwamba Tanzania ni nchi ya wakulima, haiwezi kupigana.

MATOKEO

Alikosea. Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Wanajeshi, polisi, magereza, JKT na mgambo walikwenda. Kagera ikakombolewa. Januari 1979 majeshi yetu yakavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Amin alikimbia nchi. Alifia Saudi Arabia mwaka 2003, hakurudi Uganda.

Lakini ushindi nao una gharama. Watu walikufa pande zote mbili. Fedha nyingi zilitumika. Wazee wanakumbuka foleni za sukari na sabuni baada ya vita. Vita havikuwa sababu pekee ya shida hiyo, maana mafuta nayo yalipanda bei, lakini vilichangia sana.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tusiridhike na sababu ya kwanza tunayoambiwa. Mtu akisema, "Jirani yetu ndiye adui," tuulize: nyumbani kwake kuna nini? Bei zikoje? Nani atafaidika? Na tukumbuke kwamba wananchi wa Uganda hawakuwa adui zetu. Wao ndio walioteswa na Amin kwa miaka minane. Leo Tanzania na Uganda zimo pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na malori yanapita Mutukula kwa amani.

MANENO MAGUMU

Kuvamia: kuingia mahali kwa nguvu ili kupigana au kupora.
Hifadhi: mahali pa usalama anapopewa mtu aliyekimbia hatari.
Kuasi: kukataa kumtii mkubwa wako, hata kwa silaha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja sababu mbili alizozisema Amin. Je, zilikuwa za kweli?
2. Huku Morogoro, pale Mazimbu, Tanzania iliwapokea wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Je, ni haki kumpa hifadhi mtu aliyekimbia kwao? Ifanywe kwa masharti gani?
3. Kumbukeni ugomvi wa shamba uliofika Baraza la Ardhi la Kijiji chenu. Msiwataje watu kwa majina. Sababu iliyosemwa ilikuwa ipi, na iliyojificha ilikuwa ipi?