Entebbe: Sisi tulikuwa upande wa nani?

Wiki iliyopita kijana wangu alinikalisha sebuleni tuangalie filamu ya mwaka 2018 iitwayo 7 Days in Entebbe. Ilipokwisha akaniuliza: "Baba, sasa hapo sisi tulikuwa upande wa nani?" Usiku ule sikumjibu. Huenda nawe, ndugu msomaji, umewahi kuulizwa hivyo.

Tukio lenyewe linafahamika. Juni 27, 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupaa Athens. Watekaji walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ikapitia Benghazi, ikatua Entebbe, na Idi Amin akawapokea. Wengi wa mateka wasio Waisraeli waliachiwa. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomando wa Israel wakaja kuwachukua waliobaki, wakaondoka na watu 102. Kabla mwaka 1977 haujaisha, filamu tatu zilikuwa zimeshatengenezwa. Kwa ushindi wao, hawa jamaa hawacheleweshi!

Wapalestina kuporwa ardhi yao ni dhulma, na hilo sitaacha kulisema. Lakini abiria aliyekata tiketi yake hakumpora mtu siku ile. Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka 70, alikuwa hospitali ya Mulago wakati wa uvamizi kwa sababu alikuwa amekabwa na chakula. Baada ya makomando kuondoka, watu wa Amin walimtoa kitandani wakamuua. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokwisha kung'olewa. Nimewasikia wazee wetu barazani wakimtetea Amin kwa sababu tu ana jina la Kiislamu. Nawauliza: dini gani inayoruhusu kumuua mgonjwa kitandani?

Kisha wako wengine ambao hata barazani hawatajwi. Ndege za Israel zilijaza mafuta Nairobi wakati wa kurudi. Hasira za Amin zikawaangukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, wakauawa kwa mamia. Hawa hawakuteka ndege wala hawakumpa mtu mafuta. Wako pia askari wa Uganda, ambao kwenye filamu huanguka kama migomba, hawana jina wala mama wa kuwalilia. Jeshi lao lilikuwa limefunzwa na Waisraeli hao hao, mpaka Amin alipowafukuza mwaka 1972. Hata jengo walimofungiwa mateka lilijengwa na kampuni ya Israel.

Asubuhi nilimweleza kijana haya yote. Nikamwambia upande ninaoweza kumwonyesha ni wa waliouawa bila kosa, wa taifa lolote. Akanyamaza, kisha akauliza filamu ya wale Wakenya inaitwaje, aitafute. Nikamwambia mimi sijawahi kuiona.