Kuachana kabisa na umeme wa gridi: unapoteza nini?

Swali: Nimechoshwa na kukatika kwa umeme na gharama za LUKU. Nikifunga sola nyumbani na kuachana kabisa na TANESCO, kuna hasara gani?

Jibu: Hasara kubwa iko kwenye kuhifadhi umeme. Paneli huzalisha mchana, ilhali familia nyingi huhitaji umeme zaidi jioni, kwa hiyo mzigo wote huangukia betri. Chukua betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200. Kwa hesabu inabeba uniti 2.4, lakini ili idumu usiitumie zaidi ya nusu. Unabaki na uniti 1.2. Jiko la umeme la wati 1,000 huzimaliza kwa saa moja na ushei. Betri za lithiamu hutumika kwa kina zaidi na hudumu zaidi, ila bei yake ya kuanzia ni kubwa. Kisha kuna masika: mfumo uliopimwa kwa jua la Januari huelemewa na mawingu ya Aprili, na uliopimwa kwa Aprili huzalisha ziada isiyotumika miezi mingine.

Utasema walau bili imekwisha. Haijaisha, umeilipa kwa mkupuo, na utailipa tena betri zikichoka. Utasema pia gridi hukatika. Kweli, lakini inveta nayo huungua, na fundi ni juu yako. Dawa ya kukatika kwa umeme ni sola ndogo ya taa, feni na friji, LUKU ikibaki kwa kazi nzito. Kujitenga kabisa kunafaa pale nguzo zilipo mbali, na kuvuta laini ni ghali kuliko mfumo wenyewe.