Jirani anatuuzia taa ya kutibu saratani

SWALI: Daktari, baba yetu ana saratani ya umio. Matoke hayapiti tena, anakunywa uji tu. Hapa Kasubi kuna jirani anayeuza taa ya mwanga mwekundu, anasema Ulaya wanatibu saratani kwa mwanga. Tuinunue?
Msomaji, Kasubi, Kampala

JIBU: Ndugu yangu, pole sana, na mzee mfikishie pole zangu. Taa hiyo msiinunue. Ni kweli mwanga hutumika kutibu baadhi ya saratani, lakini taa peke yake haiui uvimbe.

Tiba yenyewe inataka vitu vitatu vikutane: dawa yenye rangi inayodungwa mshipani, mwanga wa kipimo maalumu, na oksijeni iliyomo mwilini. Dawa husambaa, kisha hubaki zaidi kwenye uvimbe. Baada ya siku mbili hivi daktari hupitisha uzi mwembamba wa leza kooni na kuumulika uvimbe. Rangi hunyonya mwanga, huipa oksijeni nguvu hiyo, na oksijeni iliyochachamaa huziua seli zilizo karibu. Dawa ya Photofrin iliidhinishwa Kanada mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu, na Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa waliozibwa umio kama mzee wenu.

Udhaifu wake ni kina. Washa tochi ya simu gizani, uizibe kwa kidole: kidole kitang'aa rangi nyekundu, kwa kuwa damu imemeza sehemu kubwa ya rangi nyingine. Photofrin huamshwa na mwanga mwekundu wa nanomita 630, na hata huo hufika milimita chache tu. Ndiyo maana wanakemia wanatafuta rangi zinazoamshwa na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaopenya zaidi. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa ya padeliporfin, inayoamshwa na mwanga wa nanomita 753, kwa saratani ya tezi dume ya hatua za mapema. Kazi ni ngumu. Kadiri mwanga unavyosogea kutoka wekundu kuelekea infraredi, nguvu yake hupungua. Ukipita nanomita 850 hivi, kwa kawaida hautoshi tena kuichachamaza oksijeni. Rangi nyingine hugandana ndani ya damu, nyingine huharibiwa na mwanga uleule unaoziamsha. Utafiti huu nauombea heri kwa moyo wote, lakini mzee hawezi kuusubiri.

Tena aliyepewa Photofrin hukaa mbali na jua siku 30 au zaidi, na mafuta ya kujikinga na jua hayamsaidii. Kwa jua la ikweta, si jambo dogo.

Mpelekeni Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Silaha zake ni upasuaji, dawa za kemo na mionzi, ambayo ni tofauti kabisa na mwanga wa taa. Ulizeni mambo mawili: saratani imesambaa wapi, na je, anaweza kuwekewa kibomba cha kupanua umio ili ameze? Kibomba hicho si ndoto. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet nchini Kenya, imewawekea wagonjwa wengi. Hakiondoi saratani, lakini humrudishia mtu chakula.

Fedha ya taa iwe nauli na chakula chake. Nendeni wiki hii, na mchukue majibu yote ya vipimo.