Mfuko Mdogo, Sufuria Iliyojaa: Jinsi ya Kulisha Familia Wiki Nzima Bila Kukwama Alhamisi

Kuna watu huita Januari "Njaanuari". Ukweli ni kwamba kwa familia nyingi Njaanuari huja kila mwezi, na kwa wanaolipwa kwa siku, huja kila wiki. Jumatatu kuna nyama, Jumatano kuna mayai, Alhamisi mnaangaliana. Mboga yenyewe tumeipa jina la sukuma wiki, kumaanisha kazi yake ni kuifikisha wiki mwisho.

Somo la leo ni la jikoni, lakini tutaanzia kwa simu yako. Tutaangalia pesa ya chakula inapotelea wapi, nini ununue kwa wingi na nini ununue kwa siku, halafu tupike. Mfano wetu ni familia ya watu watano. Bei tunazotumia ni za mfano tu, kwa hivyo weka za soko lako.

Hatua ya 1: Soma miamala yako ya siku saba

Fungua taarifa ya miamala kwenye simu yako, chukua kalamu, na uandike kila shilingi iliyoenda kwa chakula wiki iliyopita. Igawanye mara nne: duka, mama mboga, makaa au gesi, na chakula kilichopikwa nje kama chapati, mandazi na chipsi.

Usijumlishe kwanza. Hesabu ni mara ngapi ulinunua kila kitu. Mafuta ya kupimiwa mara saba? Unga mara tatu? Kitu unachonunua kila siku kwa kiasi kidogo ndicho cha kuanza nacho.

Angalia pia mahali ulitoa pesa taslimu. Ada ya kutoa hupangwa kwa viwango, kwa hivyo kutoa 200 mara tatu kwa kawaida hukugharimu zaidi ya kutoa 600 mara moja. Kama duka lako lina nambari ya kulipia, lipa moja kwa moja. Ukienda soko la watu wanaotaka taslimu, toa ya wiki nzima kwa mara moja.

Hatua ya 2: Panda ngazi ya kadogo

Tuseme wazi: kununua kadogo sio ujinga. Mtu anayelipwa 600 jioni baada ya mjengo hawezi kununua gunia. Kadogo kunamwezesha kula leo. Shida ni kwamba ukipiga hesabu, anayenunua kidogo ndiye analipa bei ya juu zaidi.

Chukua mafuta. Tuseme dukani 30 inakupa mililita 80 hivi, na hiyo ndiyo mnatumia kwa siku. Lita moja ya chupa ni 320. Kwa bei ya kupimiwa, lita hiyo hiyo umeilipia 375. Sasa utatoa wapi 320 kwa mara moja? Fanya hivi:

1. Kila jioni weka 50 kwenye akiba ya simu, ile ambayo haionekani kwa salio la kawaida. Baada ya siku saba una 350. Nunua lita ya mafuta.
2. Kuanzia siku hiyo, ile 30 uliyokuwa ukipeleka dukani ipeleke kwenye akiba. Lita itakufikisha siku 12.
3. Siku ya 12 una 360. Nunua lita nyingine kwa 320. Zinabaki 40, na mafuta yako sasa yanajilipia.
4. Ile 50 ya kila siku imekuwa huru. Wiki ya pili ipeleke kwa maharagwe, ya tatu kwa unga, ya nne kwa mchele.

Ukiruka hatua ya pili, ngazi inavunjika. Watu wengi hununua chupa, wanakula ile 30 kwa kitu kingine, halafu mafuta yakiisha wanarudi kupimiwa.

Tahadhari moja: chupa ikiwa jikoni, mkono unakuwa mwepesi. Pima mafuta kwa kijiko kama vile mwenye duka angekupimia. Na sio kila kitu ni cha kununua kwa wingi. Nyanya, sukuma, dania na maziwa nunua ya siku moja au mbili. Vitu vikavu kama maharagwe, ndengu, mchele, unga, chumvi na omena ndivyo vinavyostahili ngazi.

Hatua ya 3: Gorogoro ya maharagwe ifanye kazi

Gorogoro moja ni kama kilo mbili. Tuseme umeinunua kwa 300. Nusu kilo ya maharagwe makavu inatosha chakula cha jioni cha watu watano, kwa sababu yakiiva uzito wake unazidi mara mbili. Kwa hivyo gorogoro moja ni jioni nne, sawa na 75 kwa kila jioni. Ukinunua nyama ya 300, ni jioni moja.

Lakini je, maharagwe yanajenga mwili kama nyama? Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, hasa wa lisini. Maharagwe yana lisini ya kutosha, na yale yanayokosekana kwa maharagwe yanapatikana kwa mahindi. Ukiyala pamoja, yanajazana. Waliobuni githeri hawakuwa na maabara, lakini walijua. Ugali kwa maharagwe, chapati kwa ndengu, wali kwa kunde, yote yanafuata njia hiyo.

Hivi ndivyo unavyoyapika bila kumaliza makaa:

- Usiku: Chagua, osha, loweka kwa maji mengi. Saa nane zinatosha.
- Asubuhi: Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya.
- Chemsha kwa moto mkali angalau dakika 10. Hapa usiruke. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Ukila ambayo hayajachemka vizuri unaweza kutapika na kuharisha.
- Halafu punguza moto hadi yaive. Maharagwe ya zamani hukawia zaidi, kwa hivyo muulize muuzaji ni ya msimu gani.
- Nyanya iingie baada ya kuiva. Uchachu wake hufanya maharagwe yakatae kulainika. Magadi yanaharakisha, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini za kundi B.

Ukiwa na kikapu kikubwa, kitandike blanketi kuukuu. Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa nusu saa, funika sufuria, iingize kwenye kikapu, funga vizuri na uiache saa tatu au nne. Joto lililo ndani linaendelea kupika, na wewe hutumii makaa. Kabla ya kupakua, rudisha kwa moto itokote.

Kama una friji, chemsha kilo nzima utumie kwa siku tatu. Kama huna, pika ya siku hiyo tu, na chochote kilichobaki muda mfupi kichemshe kabisa kabla ya kula. Kikitoa povu au harufu ya uchachu, mwaga. Maharagwe ya 75 hayafai kukupeleka hospitali.

Hatua ya 4: Ratiba ya jioni saba

Ibandike kwa ukuta wa jikoni. Ukijua kesho ni nini, hupitii dukani ukiwa na njaa.

- Jumatatu: Ugali, sukuma wiki na omena. Toa vichwa, osha omena kwa maji moto, zikaushe kwenye karai, halafu kitunguu na nyanya. Kwa sababu unakula samaki na mifupa yake, watoto wanapata kalsiamu nyingi.
- Jumanne: Githeri. Mahindi sehemu mbili, maharagwe sehemu moja, karoti na viazi kidogo.
- Jumatano: Wali na ndengu. Ndengu huiva haraka, zinafaa siku umechelewa kazini.
- Alhamisi: Ugali, managu au terere, na mayai matatu yaliyovurugwa na nyanya na kitunguu kingi yatoshe wote.
- Ijumaa: Chapati na maharagwe. Kanda mwenyewe.
- Jumamosi: Mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge, pamoja na supu ya kunde.
- Jumapili: Wali na nyama nusu kilo, ikatwe vipande vidogo na kuongezewa viazi na karoti. Kila mtu anapata nyama kwa sahani, na mchuzi unajaa.

Osha mboga kabla ya kuikata, sio baada, na usiipike hadi igeuke rangi ya kahawia. Weka nyanya au kamulia limau kwenye maharagwe na mboga, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai nayo inafanya kinyume. Ingoje saa moja baada ya kula, hasa kwa mama mjamzito na watoto.

Hatua ya 5: Nunueni pamoja

Gunia la mahindi la kilo 90 ni kama gorogoro 45. Majirani watatu wakichanga, kila mmoja anaenda na 15. Hivyo ndivyo unavyopata bei ya jumla bila kuwa na pesa ya jumla.

Mchague mtu mmoja wa kupokea michango. Kila mtu atume kwa simu, asimpe mkononi, ili kila mchango uwe na ujumbe wa kuuthibitisha. Picha ya ujumbe wa malipo kwa muuzaji iwekwe kwa kundi lenu siku hiyo hiyo. Urafiki mwingi umevunjika kwa sababu ya gunia ambalo hakuna aliyejua lilinunuliwa kwa ngapi.

Na muyakague mahindi. Mwaka 2004, zaidi ya watu 100 walifariki Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayoletwa na ukungu. Kuchemsha hakuiondoi, kusaga hakuiondoi. Kwa hivyo:

- Uma punje. Ikipasuka kwa sauti, imekauka. Ikibonyea, bado ina unyevu.
- Kataa mahindi yenye ukungu, rangi ya kijani au nyeusi, au harufu ya uvundo, hata kama bei ni nzuri. Hasa kama bei ni nzuri.
- Nyumbani weka gunia juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, mahali pakavu.

Hatua ya 6: Linda pesa ya chakula

*Mkopo wa chakula.* Ukikopa kwa simu kununua chakula cha leo, unakilipia na chakula cha wiki ijayo pamoja na ada juu yake. Ikibidi, kopa kiasi cha siku hiyo tu na ulipe pesa ya kwanza ikiingia. Ukiona kwenye taarifa yako umekopa kwa chakula zaidi ya mara mbili kwa mwezi, rudi Hatua ya 1.

*Jina la muuzaji.* Ukilipa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka nambari ya siri. Kama ni duka la kina mama Kawangware na jina ni la mtu usiyemjua, uliza kwanza.

*"Nimekutumia kimakosa."* Ukipigiwa simu hivi, usirudishe chochote kwa haraka. Angalia salio lako mwenyewe, sio ujumbe uliotumiwa. Kama pesa kweli imeingia, mwambie apigie huduma kwa wateja wairudishe kwa utaratibu.

*Nambari ya siri.* Hata ukimtuma mtoto dukani na simu, usimwambie akiwa mbele ya watu. Afadhali ulipe mwenyewe kwa nambari ya duka ukiwa nyumbani, yeye aende kuchukua mzigo.

Zoezi la wiki hii

Usijaribu kubadilisha jikoni yote leo. Fanya mambo matatu:

1. Leo usiku, soma miamala ya siku saba na uandike kitu kimoja ulichonunua mara nyingi zaidi kwa kiasi kidogo.
2. Kesho, fungua akiba yenye jina la kitu hicho, kwa mfano "Mafuta", na uweke 50 ya kwanza. Kama 50 ni nyingi, weka 20. Ngazi itachukua muda zaidi lakini inafika.
3. Jumamosi, loweka nusu kilo ya maharagwe, Jumapili ujaribu kikapu.

Baada ya siku 30, soma miamala tena na ulinganishe na karatasi ya kwanza. Hesabu safari za dukani, hesabu mikopo, na hesabu ni Alhamisi ngapi mlilala mkiwa mmeshiba. Hiyo ya mwisho ndiyo itakuambia kama mpango unafanya kazi.