TABIBU MGENI NA WENYEJI WAKE
Somo la vikundi vya mtaa. Soma kwanza Luka 10:30–37



Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia kila tupatapo ugeni nyumbani, lakini mwezi huu tuitazame kwa maana yake iliyo wazi kabisa. Hospitali nyingi za Kanisa katika Afrika hupokea madaktari na wauguzi wanaokuja kutoka nchi za mbali kwa kujitolea. Vijana wetu waliosomea uuguzi nao huweza kuitwa kwenda kusaidia katika nchi nyingine. Ni kazi njema. Hata hivyo yatupasa kuuliza: mwenyeji anapona kwa namna gani? Na mgeni akiisha kuondoka, uponyaji ule unabaki mikononi mwa nani?

Ili tusizungumze hewani, tutaangalia ugonjwa mmoja na hospitali moja.

1. Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa ni fistula ya uzazi. Mama akishikwa na uchungu, na mtoto asiweze kupita kwa sababu nyonga ni nyembamba au mtoto amekaa vibaya, mama huyo huhitaji kupasuliwa upesi. Pasipo msaada, uchungu huendelea siku mbili, tatu, hata zaidi. Kichwa cha mtoto hubana nyama laini juu ya mfupa wa nyonga mpaka damu isipite, na nyama ile hufa. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa amekufa. Baada ya siku chache panabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na kwa wengine tundu jingine upande wa choo kikubwa. Tangu hapo mkojo hutoka wenyewe usiku na mchana. Wengi huachwa na waume zao, na huona haya hata kuketi kanisani kwa ajili ya harufu.

Tulieleze jambo hili waziwazi, maana bado yasemwa mengi yasiyo ya kweli. Fistula haitokani na uchawi, wala si adhabu ya uzinzi. Hutokana na uchungu uliokaa mno bila msaada, na kwa wagonjwa walio wengi huweza kufungwa kwa upasuaji.

2. Waliitwa kwa miaka mitatu

Mwaka 1958 Dk. Catherine Hamlin wa Australia na mumewe Dk. Reginald, mzaliwa wa New Zealand, waliona tangazo katika The Lancet, gazeti la madaktari. Ethiopia ilitafuta daktari wa magonjwa ya wanawake, aje kuanzisha shule ya wakunga katika hospitali ya Princess Tsehai mjini Addis Ababa. Walifika mwaka 1959 pamoja na mtoto wao wa miaka sita. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu.

Huko walikotoka, fistula ilikuwa imekwisha kusahaulika, kwa kuwa akina mama walipata msaada mapema. Walipoiona Ethiopia, iliwabidi wawe wanafunzi tena. Walisoma maandishi ya waliotangulia, wakaanza na majeraha madogo, wakasonga mbele polepole. Habari zikaenea vijijini, na wanawake wakaja, wengine kwa miguu kutoka mbali sana.

Miaka mitatu ilipokwisha hawakurudi kwao. Mwaka 1974 walifungua hospitali ya fistula mjini Addis Ababa, ya matibabu bila malipo. Mwaka huohuo Mfalme Haile Selassie alipinduliwa, na baada yake nchi ikapita katika miaka ya vita na njaa. Wao walibaki. Dk. Reginald alifariki mwaka 1993. Dk. Catherine aliendelea mpaka alipofariki Machi 2020, mwenye umri wa miaka 96, katika nyumba yake iliyo ndani ya uwanja wa hospitali. Kufikia wakati huo zaidi ya wanawake 60,000 walikuwa wametibiwa.

Na ile shule ya wakunga waliyoitiwa tangu mwanzo? Ilifungwa baada ya kutoa wakunga wachache. Lakini mwaka 2007 hospitali yao ilifungua chuo kipya cha wakunga, ili mama asaidiwe kijijini kwake kabla jeraha halijatokea. Walichotumwa kukifanya kwa miaka mitatu kilisimama imara baada ya miaka 48.

3. Mamitu Gashe

Mwaka 1962 aliletwa kwao binti wa kijijini, Mamitu Gashe, mwenye miaka kama 16. Hakujua kusoma wala kuandika. Akiwa bado hospitalini alianza kutandika vitanda na kuwahudumia wagonjwa wenzake. Baadaye aliingia chumba cha upasuaji kushika vyombo. Dk. Reginald aliona mikono yake ilivyo mitulivu, akamfundisha hatua kwa hatua, mpaka akapasua yeye mwenyewe. Madaktari waliotoka nchi nyingine kuja kujifunza kufunga fistula walifundishwa na mwanamke huyu. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha London kilimpa medali ya dhahabu pamoja na Dk. Reginald na Dk. Catherine.

Tuangalie vema hapa. Wageni wale wangeweza kumhesabu Mamitu kuwa mgonjwa mmoja aliyetibiwa. Wao walimwona kuwa mwenyeji, mtu wa kurithi kazi.

4. Siku kumi na nne

Mgonjwa aliyefungwa fistula huwekewa mpira wa mkojo, ili kibofu kikae kitupu na mshono upate kupona. Mpira huo hukaa mara nyingi siku 10 hadi 14, na kwa wengine zaidi. Ukiziba, kibofu hujaa, na mshono waweza kufumuka. Basi kazi yote ya mpasuaji iko mikononi mwa muuguzi wa zamu, aamkaye saa nane za usiku kutazama kama mkojo unapita. Tena upasuaji wa kwanza ndio wenye tumaini kubwa. Ukiharibika, kovu huwa gumu, na kufunga mara ya pili ni shida zaidi.

Sasa tufikiri. Kundi la wageni limekuja kwa majuma mawili, nalo linapasua mpaka siku ya mwisho ili hesabu iwe kubwa. Mgonjwa wa siku ile ya mwisho atakuwa bado na mpira wake wakati ndege imekwisha kuondoka. Ikiwa wauguzi hawakufundishwa, naye amelowa tena, atamlilia nani?

Hatusemi kwamba wa majuma mawili asije. Twasema ajipime. Aulize kwanza hospitali inahitaji nini, kabla ya kufunga mizigo. Aandikishwe na baraza la madaktari la nchi ile kama sheria inavyotaka. Daktari mwenyeji asimame pamoja naye mezani, ashike kisu, aulize maswali. Upasuaji mkubwa ukome mapema, ili mgeni mwenyewe aone majeraha yakipona. Nao wenyeji wasione haya kusema, "Hili hatulihitaji, tusaidieni lile."

5. Mwenye nyumba ya wageni

Tukisoma Luka 10 twamsifu Msamaria, na ni haki yake. Alisimama, akafunga jeraha, akamchukua mtu yule juu ya mnyama wake. Lakini mara nyingi twampita mtu mwingine katika hadithi ile, yaani mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alikuwa msafiri, hakuweza kukaa. Alimkabidhi mgonjwa kwa mwenyeji, akatoa dinari mbili za matunzo, akaahidi kulipa atakaporudi kama kitatumika zaidi. Hakumwacha mgonjwa kwa mtu asiye na kitu mkononi.

Basi huo ndio mfano wa huduma ya mgeni: mkono wake mmoja uwe kwenye jeraha, wa pili umtie nguvu mwenyeji atakayebaki. Nasi tulio wenyeji tunayo sehemu yetu. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa wanawake wenye fistula waliokuwa mikoani, kwa maana ilionekana kwamba wengi hawakukosa daktari, walikosa nauli. Nauli ya basi haihitaji mgeni kutoka ng'ambo. Hata mtaa wetu waweza kuitoa.

Wazee walisema pia: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tabibu mgeni naye apewe jembe, alime pamoja nasi, atuachie mbegu.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika mtaa wetu yuko mama anayejificha kwa ajili ya ugonjwa huu? Ni nani kati ya Umoja wa Akina Mama awezaye kumwendea kwa siri na upole?

2. Kijana wetu akiitwa kwenda kuhudumu nchi nyingine, tumwulize nini kabla ya kumwombea na kumtuma?

3. Wageni wakija hospitalini kwetu, ni kazi gani twataka wawafundishe watu wetu kabla hawajaondoka?

4. Msamaria alitoa dinari mbili. Zetu ni zipi mwezi huu?

Tumalize kwa kuwaombea wauguzi wa zamu ya usiku, na wagonjwa wanaohesabu siku mpaka mpira utolewe.