Jinsi Mlima Meru Ulivyonifundisha Kumaliza Picha

Sekei, mjini Arusha, ninakoishi, Mlima Meru unauona hata ukitoka kuanika nguo. Kwa miaka mingi niliuchora na sikuumaliza. Leo nasahihisha mstari wa kilele, kesho naufuta, keshokutwa naupandisha kidogo. Rangi ilizidi kuwa nzito kama tope, na mlima ukazidi kufa. Wachoraji wengi ninaowafahamu hapa mjini wana turubai za namna hiyo zimegeuziwa ukuta, na wengine wameacha kuchora kabisa. Kwa ajili yao naeleza njia niliyopita.

Kwanza, uzunguke mlima wenyewe. Panda daladala ya Ngaramtoni: ukiutazama kutoka upande huo wa magharibi, Meru umesimama mzima, mabega yote mawili yameshuka sawasawa. Kisha, siku ukipata nafasi, nenda Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Huko utakuta mlima mwingine. Ubavu wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha kreta iliyo wazi, ukuta wa mwamba uliosimama wima, na kilima cha majivu katikati. Ni mlima uleule wa zaidi ya mita 4,500. Sasa mstari upi wa kilele ndio sahihi? Swali hilo lilinifungua mkono kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa. Hokusai wa Japani alikuwa na umri wa miaka 70 hivi alipoanza mfululizo wake wa picha 36 za Mlima Fuji, na alipozimaliza akaongeza nyingine 10. Angekuwa anatafuta picha moja kamili, tusingekuwa na hizo 46.

Pili, badilisha vifaa. Turubai ya bei inatia woga, kila brashi unahesabu hasara. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia hadibodi za ujenzi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Nami sasa nanunua hadibodi dukani kunakouzwa vifaa vya ujenzi, namwomba fundi seremala anikatie vipande vya mraba, napiga msasa kidogo, basi.

Rangi ile ya baiskeli ina tabia moja ambayo kwa mtu wa kurudiarudia ni dawa kweli: haitaki kuchezewa. Ukipaka anga, uiache ikauke. Ukiingiza brashi ikiwa mbichi, rangi zinavurugana na utaiona hasara papo hapo. Kwa hiyo mimi napanga vipande kadhaa ukutani na kuvipaka anga vyote kwa siku moja, chungwa hapa, kijivu pale, zambarau ya mijakaranda ya Oktoba kwingine. Vikishakauka ndipo naweka mlima. Mkono ukiwa na kazi nyingine ya kwenda kuifanya, hauna muda wa kurudi kukwangua ileile.

Brashi nyembamba ifiche. Nasema kweli, iweke chumba kingine mpaka umbo zima liwe limekaa. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, huko upande wa Kilimanjaro, aliwachora watu wa kijijini kwao kwa maumbo sahili, bila kuhangaika na kila kidole. Picha yake moja ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York mwaka 1960. Ukitazama kazi zake utaona kijiji kinafanya kazi, na hilo linatosha kabisa.

Kuhusu lini uache: mimi nimeliachia wingu. Asubuhi Meru ukiwa wazi, nachora. Wingu likifunika kilele, naweka brashi chini. Mwezi wa Juni na Julai mlima unaweza kujificha kutwa nzima, basi siku hizo nachora wingu.

Halafu tafuta jicho la pili, lakini usimuulize mtu kama picha ni nzuri. Jirani mwema atakusifu tu. Muulize anaona nini. Nilimwonyesha mama anayeuza parachichi karibu na kwangu kipande nilichokuwa nakaribia kukipaka upya. Akakitazama, akasema, "Mvua inakuja hapo, mwanangu." Mvua ndiyo niliyokuwa nimeichora. Niliandika jina langu pembeni siku hiyohiyo.

Na wewe uliye na picha iliyokwama, iache hapo ilipo kwanza. Kanunue hadibodi moja, uikate vipande, upake anga zote kesho. Ukimaliza kipande cha kwanza, andika tarehe nyuma yake, umpe mtu au ukiuze, kisha uchukue kinachofuata.