Sababu Kabla ya Orodha: Kufundisha Mapishi ya Karoti na Mboga Nyingine

Somo la upishi, liwe katika ratiba kwa jina la Sayansi Kimu au Stadi za Kazi, hufa upesi linapofundishwa kwa chaki peke yake. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huandika ubaoni: karoti 4, vitunguu 2, mafuta vijiko 3. Wanafunzi hunakili, kengele hulia. Mtoto hurudi kwao na orodha bila sababu, na siku karoti zinapokosekana sokoni, orodha nzima haina kazi. Yafaa mwanafunzi aelewe kwanza kinachotendeka ndani ya sufuria, ndipo apike.

Rangi ya karoti hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo kwa muda mrefu huanza kutoona vizuri giza linapoingia. Upungufu ukizidi, macho hukauka na hata kuharibika kabisa. Duniani, upungufu huu ni sababu kubwa ya upofu wa watoto ambao ungeweza kuzuiwa, na humpunguzia mtoto nguvu za kushindana na surua na kuhara. Hata hivyo mwalimu asitie chumvi. Karoti haimwongezei uwezo wa kuona mtoto ambaye macho yake ni mazima. Na aliyekwisha kuonyesha dalili hizo apelekwe zahanati, asiachiwe sufuria peke yake.

Somo lianze kwa jaribio. Zana zake ni sufuria 2 ndogo, karoti 2, maji, mafuta ya kupikia yenye rangi hafifu, sahani 2 nyeupe, na jiko la mkaa au mafiga. Karoti zikatwe vipande vyembamba. Nusu yake ichemshwe katika kikombe kimoja cha maji. Nusu ya pili ipikwe katika vijiko 4 vya mafuta kwa moto mdogo, dakika kama 5. Vyote vikishapoa, mwalimu mwenyewe amimine maji katika sahani moja na mafuta katika nyingine, kisha anyamaze. Wanafunzi ndio waseme wanachokiona. Maji yatakuwa yamebadilika kidogo tu, lakini mafuta yatakuwa yamegeuka rangi ya machungwa. Hapo haitakuwa vigumu kwao kutambua kwamba karotini huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji. Na kwamba karoti iliyochemshwa na kuliwa bila mafuta yoyote haiunufaishi mwili ipasavyo. Mafuta yanayohitajika si mengi. Karanga zilizotwangwa au tui la nazi hufanya kazi hiyo hiyo.

Jaribio la pili ni fupi. Mchicha uchemshwe katika maji mengi, nayo maji yachujwe na kuonyeshwa. Vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Kwa hiyo ayamwagaye maji ya mboga amemwaga sehemu ya chakula chenyewe. Hii ndiyo sababu ya kuosha mboga kabla ya kuzikata, kutia maji machache na kufunika sufuria.

Sasa wapike. Kwa watu 6 hutosha karoti 4 za kadiri, kabichi nusu, kitunguu 1, nyanya 3, mafuta vijiko 2 na karanga kikombe kimoja, zilizokaangwa na kutwangwa. Kitunguu kikaangwe hadi kilainike, kisha nyanya zipondeke. Karoti zifuate, kwa kuwa ni ngumu, nazo zifunikwe kwa dakika 5 hivi. Kabichi huingia baadaye kwa sababu hulainika upesi. Mwisho karanga zikorogwe katika maji nusu kikombe na kumiminwa, na mwiko usitoke sufuriani, maana karanga huganda chini na kuungua. Mboga hii huliwa kwa ugali au wali. Kila hatua mwalimu aulize: kwa nini hiki kimetangulia?

Sehemu iliyo muhimu kuliko zote, na ambayo mara nyingi hukosa muda, ni ya kubadilisha. Karoti hustawi penye baridi, kama Lushoto na Njombe; mtoto wa pwani huenda akaiona kwa nadra, na kwa bei kubwa. Darasa liulizwe: nyumbani kwenu kuna nini? Boga la njano lina karotini, na kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya machungwa pia, ingawa kile cheupe hakifai kwa shabaha hii. Mchicha, matembele na majani ya kunde yanayo vilevile. Rangi ya kijani imeificha tu. Kigoma, mawese mekundu ni mafuta na karotini kwa pamoja. Mpunguo mmoja tu wa kanuni ya muda mfupi hauna budi kutajwa waziwazi: kisamvu kina sumu, lazima kitwangwe na kuchemshwa sana bila kufunikwa. Mwanafunzi asiende nyumbani akakipika kwa dakika 5 kwa kuwa mwalimu alisifu upishi wa haraka.

Katika kupima somo, kuhesabu viungo vilivyokumbukwa hakuna maana. Mpe mwanafunzi, mvulana au msichana, mboga 3 zisizokuwamo katika somo, aeleze atakavyozipanga sufuriani na atakapopata mafuta. Kazi ya nyumbani iwe kupika na kueleza alichokitenda. Asiulizwe mbele ya wenzake nyumbani kwao wamekula nini, kwa maana swali hilo humfedhehesha mtoto wa maskini na kumfunza kusema uongo.

Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi majaribio na upishi. Omba vipindi 2 vinavyofuatana kabla ya mapumziko, na makaa yawashwe mapema.